Anwani ya Zamani

Jumamosi Zelma Kraukle aliifungua kompyuta mbavu,
akautoa ubao mama uliochoka, akafunga mpya,
kichakataji kipya, kumbukumbu mara mbili,
feni isiyokoroma.
Kiendeshi cha diski tu ndicho alichokirudisha kilivyokuwa,
kizee cha rangi ya majivu, kimekwaruzika uso,
maana hakuna aliyewahi kukiambia kistaafu.

Akawasha. Kila kitu kikaitika.
Akaifungua programu ya kunakili, ile aliyoinunua mwaka wa mafuriko,
nayo ikamjibu kwa adabu ya karani wa serikali:
*Hakuna kiendeshi kilichopatikana.*

Hakuna?
Akabonyeza kitufe. Trei ikatoka, ikamtolea ulimi.
Akaisukuma ndani. Taa ya kijani ikakonyeza.
Hakuna, ikasema programu.

Nje, mji wa Cēsis ulikuwa chini ya theluji ya siku tatu
na koleo la jirani lilikuwa likikwangua, likipumzika, likikwangua.

Akabadili kebo. Hakuna.
Akabadili tundu: la kwanza, la tatu, tena la kwanza. Hakuna.
Akashuka hadi ile skrini ya buluu ya kabla mfumo haujaamka,
chini kabisa, kwenye msingi wa nyumba,
akakikuta kiendeshi kimeandikwa jina kamili na namba ya kiwandani.
Mfumo nao ulikiona: kipo, kizima, hakina alama ya njano.
Msingi unakijua. Nyumba inakijua.
Mpangaji mmoja tu anaapa hawajawahi kuonana.

Saa nne usiku akampigia binamu yake Rūdolfs, kule Ventspils.
"Umezima ukawasha?"
"Mara kumi na moja."
"Basi kitupe. Siku hizi nani ana diski?"
Zelma akakata simu bila kuaga.
Mimi ninazo, akayaambia maboksi ya viatu,
diski mia mbili na arobaini,
mazoezi ya kwaya ya kiwanda cha kitani, Jumanne kwa Jumanne,
kwaya iliyokufa, kiwanda kilichogeuzwa duka la mazulia.

Akaifuta programu, akaiweka upya.
Akachimba kwenye sajili ya mfumo, akafukua vichujio viwili
vilivyoachwa na programu nyingine, iliyofutwa zamani:
mabawabu wa marehemu, wangali wamesimama langoni,
hawana habari kwamba tajiri wao alishazikwa.
Akawafukuza. Akawasha.
Hakuna.

Hapo chai ikapoa, naye akapoa nayo.
Akaacha kuhangaika, akatazama tu.
C. D. E.
D ilikuwa ile hifadhi mpya aliyoichomeka mchana kwa furaha.
Kizee kimesogezwa pembeni, sasa kinaitwa E,
na programu, tangu mchana, inapiga hodi kwa D.
Kuuliza si ujinga, wanasema.
Labda. Lakini mlango ule ule, saa kumi na mbili?

Zelma akacheka peke yake, mkono mdomoni.
Mtaa huu umebadilishwa jina mara tatu tangu azaliwe.
Barua za shangazi yake kutoka ng'ambo zilikuwa zikirudi
zimepigwa muhuri: *Hajulikani*.
Naye alikuwa hapa hapa, ghorofa ya pili, dirisha hili,
anamenya viazi,
anajulikana na kila paka wa uani.

Akaisogeza hifadhi mpya, ikawa F.
Kizee akakirudishia D yake.
Programu ikafunguka. Haikuomba radhi.
*Tayari*, ikasema, kana kwamba ni yeye aliyechelewa.

Saa nane na robo usiku. Alishasahau alitaka diski ipi.
Akachukua ya juu. Ikazunguka, ikanguruma, ikasita.
Kisha kiti kikaburutwa. Mtu akakohoa,
Austra wa sauti ya pili, kikohozi kile kisichopona,
na mwalimu akagonga meza kwa penseli:

"Tena. Kutoka mwanzo."